Analala Kwenye Chumba cha Jenereta

Mwenzangu, nimekaa kwenye ngazi za bweni la chuo.

Nimefika kumwona mjukuu wangu, simkuti. Mwenzake wa chumbani ananiambia, "Bibi, huyu halali hapa. Analala kwenye chumba cha jenereta." Nikamwambia, usinitanie, mwanangu.

Kwenye jenereta!

Mlinzi kanipeleka. Mjukuu wangu ndala kazipanga mlangoni, utadhani ni kwake. Ndani moshi unakaba koo, naye kajikunja ukutani na shuka lake. Tukamtingisha, wapi! Tumemburuta hadi hapa ngazini, ndipo akafumbua macho. Midomo imepauka.

Unakumbuka ule mwaka aliojitolea kwenye meli ya injili? Kitanda chake kilikuwa ukuta mmoja na injini. Anasema tangu aanze chuo, kimya kinamtoa usingizi. Darasani haendi.

Nikamwambia, "Moshi huu utakuua, mama!"

"Najua, bibi. Ila pale ndipo ninaposikia kama wenzangu wa melini wote bado wapo."

Gari la zahanati linakuja. Kanilalia mapajani. Mlinzi kasimama na funguo, anataka kwenda kuzima jenereta.

Mtoto kanishika mkono. "Bibi, mwambie asizime kwanza."