Namba Ambayo Hesabu Yako Haikuifikia

Chumba Na. 9, Ghorofa ya Tatu,
Nyuma ya Kiwanda cha Sabuni.
14 Machi

Mpwa wangu mpendwa,

Pokea salamu za mjomba wako. U hali gani? Kikohozi cha mama yako kimepungua, au bado anakipuuza mpaka kimlaze? Mimi mzima, ila goti la kushoto, ambalo siku hizi halipandi ngazi bila mjadala.

Nimesoma ulivyoniandikia kwamba msimamizi wako amekuta kosa katika tasnifu, nawe umeshaandaa barua ya kujitoa kabla ya siku ya kuitetea. Nimelikagua. Kosa lipo kweli.

Ulidai kwamba katika kila mfumo wa namba wenye kikomo, namba yoyote hupatikana kwa kujumlisha zile zenye kinyume, yaani zile zenye mwenzi ambaye zikizidishwa naye huleta moja. Lakini mifano yako yote ni ya namba zinazozunguka kama saa. Hapo hushindwi: moja ina kinyume, unaijumlisha na nafsi yake mpaka ufike unakotaka. Hukujaribu kuweka mifumo miwili sambamba.

Fundi umeme wetu, tunayemwita Koleo, ameunganisha taa ya ngazini na ya ukumbini kwenye swichi moja. Nilimwambia nataka ya ngazini tu.

"Mzee, zinawaka zote au zinazima zote," akasema. "Bonyeza mpaka kidole kiote sugu!"

Ndiyo hesabu yenyewe. Chukua mfumo wenye sifuri na moja tu, ambamo moja na moja hurudi sifuri. Weka miwili sambamba, kila upande ujihesabu wenyewe. Jozi yenye kinyume ni ile tu yenye moja pande zote mbili. Ijumlishe utakavyo, utapata moja mbili au sifuri mbili. Jozi ya moja na sifuri huifikii kamwe.

Sasa sikiliza. Kizuizi ni hicho tu. Katika mfumo wowote wenye kikomo ambao hauwezi kubanwa mpaka ukabaki mifumo hiyo miwili sambamba, dai lako linasimama. Ongeza sharti hilo mwanzoni, na uthibitisho wako uanzie hapo. Hapo tasnifu itakuwa bora kuliko ya kwanza, maana itasema pia ni wapi dai linavunjika na kwa nini.

Tulipokimbia kwetu, nikiwa bado mwalimu, niliacha ubao darasani una mlinganyo nusu. Tangu hapo sijapata mtu wa kubishana naye hesabu, hadi ulipoanza kuniandikia. Kwa hiyo, mwanangu, hiyo barua ya kujitoa ichane.

Msalimie mama yako na kaka yako dereva. Mwambie apunguze mwendo. Mungu akutulize moyo na kuunyoosha ulimi wako mbele ya watahini. Nenda ukasimame. Wakikubana kwa maswali magumu, niandikie yote, hata yale yaliyokushinda. Hayo hasa.

Wako akupendaye,
Mjomba