Mwanafunzi pekee wa Pak Wiryawan

Tumini, nakuandikia kwa simu kutoka darasani, soma haraka.

Yule bwana, Pak Wiryawan, bosi wa kiwanda cha sabuni aliyeacha kazi aje kufundisha mikakati ya biashara, leo anakaguliwa. Asipopita, haajiriwi. Simu yake ikalia katikati ya somo, kwa mazoea akasema, "Mkutano umekwisha." Darasa zima likatoka. Nani ampinge mwalimu?

Nikabaki mimi tu, mhudumu wa chai, nakusanya vikombe. Mkaguzi, mama anayeitwa Bu Retno, akaingia.

"Wanafunzi wako wapi?"

Pak akanitazama mimi. Mimi, nisiyethubutu hata kukuomba chumvi.

Nikasema, "Wameenda sokoni kupeleleza washindani, Bu."

Kupeleleza. Sijui neno hilo lilitoka wapi.

"Safi. Nitawasubiri walete ripoti."

Tumini, Bu Retno amekaa anasubiri. Hao wanafunzi wanaokula bakso, supu ya vitonge vya nyama, hapo kantini kwako, wafukuze waende sokoni sasa hivi.