Mapaja ya Mgeni

Jumatatu, 3 Februari
Wageni watatu leo, nimewatoa hotelini Diani kuwatembeza kijijini Munje. Mkoba umejaa leso kama kawaida. Wanawake wawili nimewafunga leso kwa mikono yangu, kiunoni na mabegani. Wakapendeza. Tukafika kwa Bi Mwanamisi, anayewapikia wageni wangu. Wanawake waliokuwa wakikuna nazi wakainuka, wakaingia ndani, mlango wakafunga. Sikuelewa. Bi Mwanamisi akanivuta pembeni.

"Mwanasha mwanangu, wanawake umewasitiri. Na yule mwanamume, mapaja yote nje, sisi hatuna macho?"

Kaptula ya kuogelea, kifua wazi. Wala sikuwa nimemwona. Miaka yote hii nawatazama wanawake tu! Akija mwingine vile, amesema, nisibishe hodi kwake tena. Nimeona haya mpaka sasa hivi.

Jumanne, 4 Februari
Nimemweleza bosi wa kampuni yetu ya utalii. Mtu wa bara, si mbaya, ila masikio hana.

"Mwanasha, hao wamelipa. Wacha wavae vile wanataka, usiwaharibie mudi."

Nikiwasumbua, safari atampa Hamisi, mwongozaji mwenzangu. Nimekasirika. Ufukweni wavae watakavyo, hainihusu. Uani kwa watu si ufukweni. Na kwao pia wana mahali wasipoingia vifua wazi, naapa. Jioni nimepita madukani Kona ya Musa, nikanunua vikoi. Vya kiume.

Alhamisi, 6 Februari
Mtu na mkewe. Nimewaambia langoni, kabla ya kupanda tuk-tuk. Mke akakubali papo hapo, tena akaniuliza leso hufungwaje. Mume akacheka. Joto, alisema. Kikoi ni sketi, alisema. Akapanda vile vile na kikaptula chake. Nikamwambia dereva azime injini.

Tukakaa. Jasho lanitiririka. Mwisho akashuka, akaenda mapokezi kunishtaki. Mkewe akaniomba radhi, akamfuata.

Bosi amenifuta kazi kwa simu. Sijutii. Nimelia, lakini sijutii.

Ijumaa, 7 Februari
Nimelala mchana kutwa. Hasira tupu.

Jumapili, 9 Februari
Nimekwenda Munje kumwamkia Bi Mwanamisi. Hakuniuliza kitu, ya kazi yangu alikwishayasikia. Nikaketi na wanawake wenzangu kukuna nazi.

Adhuhuri akaja Hamisi na wageni, wanaume wawili, vifua wazi. Bi Mwanamisi akawatokea mlangoni, akawasalimia vizuri sana, akawaambia leo hapapikwi. Na harufu ya wali wa nazi imefika hadi barabarani. Wakageuza. Nimemhurumia Hamisi, kosa si lake.

Tukapakua, tukala sinia moja. Bosi akapiga simu nikiwa na tonge mkononi. Nikamaliza kula kwanza.