Violini ya Désiré

Etterbeek, Jumanne usiku

Hata stendi yake ya nota Désiré ameibeba, kwa hiyo hana nia ya kurudi.

Sonata tunayoiandaa kwa ibada ya Jumapili ina violini mbili zenye hadhi sawa, juu ya selo ya Maman Odette na kinanda. Katika sehemu ya polepole, violini ya Désiré hupanda juu ya yangu. Leo ilipopanda, nikapaza yangu. Tukarudia, nikapaza tena.

“Papa Bahati,” akasema Maman Odette, “hapa ni zamu yake. Bon, umuachie.”

Nikaanza kutoa hoja. Désiré akafunga violini yake kwenye sanduku.

“Mi nilikuya kucheza na weye, hapana kubishana. Alors, dimanche kanisani ucheze zote mbili weye mwenyewe!”

Maman Odette alicheka. Mimi nilikasirika, na bado…

Wengi niliowashinda kwa maneno hawanipigii simu tena. Désiré ndiye rafiki pekee niliyebaki naye tangu Bukavu.

Jioni nimempigia kumwomba msamaha. Alipopokea, nikajikuta namweleza kwa nini amekosea.

Akakata.