Jina Moja kwa Wafanyakazi Wote

Iloilo, Jumatatu

Mwanangu Marivic,

Sisi wazima, mvua imeanza. Ule mfumo endeshi wa bure uliotuwekea kwenye seva, ile kompyuta kuu ya duka letu la mikate, baba yako ameung'oa. Amenunua wa kulipia kwa msimamizi wako wa ubatizo, anayeuza mifumo hiyo, maana kwetu mtu kama huyo hakataliwi. "Cha bure kinatia aibu, Doro!" akanikemea.

Sikiliza nikueleze. Mfumo huo hutozwa kwa kila jina linaloingia. Kaka yangu huyo, kwa ubahili, akalipia jina moja tu, na wafanyakazi wote wanalitumia. Juzi oda za keki za sikukuu zikafutwa. Nani kafuta? Seva inaonyesha jina lile lile la wote. Basi akamtupia lawama Pacing, mwokaji aliyekulea.

"Bosi, mimi hata kuiwasha siwezi!" alilia Pacing.

"Ndiyo maana umeharibu!"

Hiyo ni haki gani? Mfumo wako ulimpa kila mtu jina lake, bila kulipia chochote.

Mpigie baba yako leo hii, ukipata tu barua pepe hii, wewe anakusikiliza. Amemfukuza Pacing; kesho anarudi kwao Antique, na mimi nimekataa kumuaga, maana hastahili kuondoka.

Baba yako mdogo,
Teodoro