Kiwiko cha Marehemu

Shoga, leo nimeumbuka! Nimesinzia kwenye benchi la kliniki ya sukari, nikakoroma, mara nesi huyo ananitikisa: "Mama, pumzi imekatika!"

IMEKATIKA, shoga!

Daktari anasema huenda ndiyo maana sukari haishuki, hata nijinyime vipi. Pumzi ikikatika usingizini mwili unashtuka, sukari inapanda.

Kisha akaniuliza, "Nyumbani nani anakusikia ukilala?"

Nikamjibu, "Friji."

Akacheka. Mimi sikucheka.

Unakumbuka nilivyokuwa nakulalamikia kiwiko cha marehemu mume wangu? Nikipitiwa na usingizi tu, ananigonga nacho mbavuni. Nikamwita mkorofi mpaka anaingia kaburini.

Kumbe mwenzangu alikuwa macho, ananisikiliza kama bado napumua.