Fremu za Kufunguka

Baba,

Nakuandikia nikiwa na hasira, kwa hivyo nivumilie. Ulituambia tuvumilie tangu nikibebwa mgongoni, na sasa ni zamu yako. Huwezi kuinuka ukatoka nje, wala huwezi kuniambia, "Nekesa, punguza sauti, kuta zina masikio." Kuta bado zina masikio, Baba. Siku hizi zimeota na macho.

Wacha nianze na salamu, maana hukupenda mtu aingie na maneno kabla ya kusalimia. Mama yuko. Magoti yanamsumbua lakini kanisa hakosi, na bado anakulaumu kwa kufa mwezi wa kupanda, kana kwamba ulipewa kalenda ukachagua. Kaburi lako kule nyumbani tulilijengea simenti kidogo, ya kutosha kichwani tu, miguuni utangoja. Huku Kariobangi nyumba ni ile ile ya vyumba viwili, na bomba la uani ni lile lile, ila sasa linatoa hewa kuliko maji. Wafula yuko. Habari zake nitazisema nikipata nguvu.

Karakana niliichukua mimi. Nani mwingine angeichukua? Watu walisema ati mwanamke hawezi useremala, mbao zitamlilia. Njuguna, yule jirani yetu wa masanduku ya mabati, ndiye aliyewanyamazisha. Aliwaambia mkono wa Nekesa ni mkono wa mzee, umebadilika kucha tu. Nikapiga randa, nikalipa kodi ya kiwanja kule kanjo, kwa watu wa baraza la jiji, kama ulivyokuwa ukilipa, na kile kibanda kikaendelea kutulisha sote. Kililisha Mama, kikamlisha Wafula, kikanilisha mimi na mtoto wangu. Hatukuwa na kingine. Hilo ulilijua ukifa, na ndilo lililokufanya unishike mkono ukaniambia nisiache kiwanja kichukuliwe.

Lakini kazi yenyewe, wacha tu. Unakumbuka tulivyokuwa tukisimamisha vitanda nje, na bwana harusi anakuja na shemeji zake, analala juu ya kitanda mchana kweupe kupima kama kinatosha wawili, na barabara nzima inamcheka? Hakuna tena. Siku hizi watu hunirudishia vitanda vile vile ulivyowauzia wewe, niviwekee mguu. Kile cha Mama Atieno wa hoteli nimekitia mguu, nikakitia ubavu, nikakitia kichwa, hadi kilichobaki chako ni jina. Mwaka jana kijana mmoja wa kiwanda cha nguo aliniagiza kitanda cha mvule, cha harusi. Nilifurahi nikaimba. Kabla sijafika kwenye msasa kiwanda kikafungwa. Alikuja mwenyewe kuniomba radhi, akakaa juu ya kile kitanda ambacho hakijaisha, akaniuliza kama najua mahali wanapotafuta watu. Mimi! Nilimwambia nina ndugu nyumbani anayetafuta jibu hilo hilo.

Ndugu mwenyewe ni Wafula, msomi wako. Mimi ulinitoa darasa la saba kwa sababu karo haikutosha wawili, ukasema msichana ataolewa, ukaniweka kwenye benchi nisikae bure. Ng'ombe wote wawili wakauzwa kwa karo ya Wafula. Nilikasirika miaka mingi, na leo nakasirika tena, lakini si kwa ajili yangu. Amemaliza kidato cha sita, Kiingereza chake ni kama cha redio, na kila asubuhi alikuwa akipaka viatu rangi na kwenda Industrial Area, kule viwandani, kwa miguu. Kila lango lina kibao, "Hakuna Kazi." Siku moja aliniambia kibao kimoja kimepakwa rangi upya. Kiwanda hakina pesa ya kuajiri mtu, kina pesa ya kupaka rangi kibao cha kumfukuza. Tulicheka sana. Halafu akaenda kulala bila kula, jua bado liko juu.

Wewe ungemwambia, "Mvumilivu hula mbivu." Nimeisikia hiyo tangu Uhuru. Ulisema tungoje, nchi ni changa. Kisha ukasema tungoje, mafuta yamepanda bei duniani. Kisha tungoje, kuna njaa, mvua ikinyesha mambo yatanyooka. Mvua ilinyesha, Baba. Mbivu zililiwa, tena tuliwaona waliozila, walipita na magari na sisi tukapigia makofi yale magari.

Kitu kilichokuwa kikiuzika ni majeneza na fremu. Majeneza sina haja ya kukueleza. Fremu ni zile za picha ya Rais, ambayo kila mwenye duka, kinyozi, buchari na kioski lazima aitundike, na mwenyekiti wa chama wa tawi letu anapita kukagua kama imetundikwa juu ya kila kitu kingine. Ole wako kalenda ya soda ikiwa juu yake. Na fremu niliendelea kuzitengeneza kwa njia yako.

Nakumbuka vizuri ilivyoanza. Mzee, yule Rais wa kwanza, alipofariki, watu wa maduka walikuletea fremu kwa mafungu, wakitaka picha ya zamani itoke mpya iingie. Zote zilikuwa zimepigiliwa misumari. Ukang'oa na kung'oa, vioo vikapasuka, ukajikata kidole, na kila kioo ulikilipia wewe. Tangu siku hiyo ukaacha misumari. Nyuma ya kila fremu ulitia vibao vinne vidogo vya kuzungusha. Ukivizungusha, ubao wa mgongo unatoka, picha inatoka nzima. Ukasema, "Picha ni mgeni, fremu ndiyo mwenye nyumba." Tulidhani ni maneno ya useremala.

Sasa sikiliza. Mwezi wa nne Mama Atieno aliiteremsha picha hotelini kwake kuipangusa moshi. Vibao vikajizungusha, mgongo ukafunguka, na Mheshimiwa akateleza akaingia kwenye karai la maharagwe. Vijana wawili wa chama walikuwa pale wanakula chapati ambazo huwa hawalipi. Wakamsaidia kuiopoa. Halafu wakaigeuza fremu, wakaangalia nyuma, wakaanza kuvizungusha vile vibao na kuvirudisha.

Jioni haijafika, mwenyekiti yuko mlangoni kwangu. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua la kufanya. Aliishika fremu ambayo gundi yake haijakauka, akasukuma kibao kwa kidole kimoja, akaniuliza ni nani aliyenifunza hivi. Nikasema ni marehemu babangu. Akauliza ni ya nini. Na mimi, mjinga, nikajibu kweli: ni ili picha ikichakaa ibadilishwe bila kuvunja kioo.

Akairudisha fremu juu ya benchi. Akasema polepole, "Unangoja nani aingie?"

Baba, nyundo ya Njuguna ilinyamaza. Mstari mzima wa vibanda ulinyamaza, wachomeleaji, wafua sufuria, wote. Walinipeleka kambini kwa chifu, wakanikalisha chini kwenye vumbi na wakora waliokamatwa na pombe ya chang'aa, na jua lilipotua mwenyekiti akaja kunipa njia ya kutoka. Nizunguke duka kwa duka, kila fremu niliyoiuza niipigilie misumari, kwa misumari yangu. Nikikataa, kiwanja kinarudi kanjo kesho yake asubuhi, na mimi ninakwenda mahali ambapo Mama hatajua. Alijua kiwanja kile ni cha karatasi tu, karatasi ya kuchanika. Mnyonge ana haki gani? Nikakubali. Nilikubali kwa sababu ya mkono wako ulionishika.

Nilikwenda na Wafula, yeye amebeba misumari ndani ya mkebe wa mafuta ya Kimbo, mimi nyundo. Mwenyekiti na vijana wake nyuma yetu. Wenye maduka waliteremsha picha zao wenyewe, wakazilaza kifudifudi kwenye kaunta, wakasimama kando. Ule ubao wa saiprasi wa fremu ni mwembamba, unajua, msumari ukiingia unaupasua, na kila ulipopasuka nilisikia sauti yako ukinikemea. Mwenye buchari peke yake ndiye aliyeninong'oneza kwamba nikibakisha msumari mmoja nimpigilie na mdomo wake. Kisha tukafika kwa Mama Atieno. Aliniwekea chai mbele yangu, nikaiacha ikapoa, kwa sababu mwenyekiti alikuwa akitazama.

Baadaye, kwenye baraza la chifu, mwenyekiti alinisimamisha mbele ya watu akasema mimi ni mwananchi mwema aliyejirekebisha. Nikapigiwa makofi. Nilirudi kazini nikijiambia basi, yamekwisha, kiwanja tunacho. Nilijisemea hata nikacheka kidogo.

Kiwanja kilikaa mpaka mvua ndogo zikaisha. Asubuhi moja nilikuta kimezungushiwa mabati mapya, tena mabati aliyoyakata Njuguna mwenyewe bila kuambiwa ni ya wapi. Alipoona, alikaa chini akashika kichwa. Shemeji wa mwenyekiti anajenga baa pale. Nilikwenda tawini kuuliza. Mwenyekiti alinikaribisha kiti, akaniambia kwa upole kabisa ati serikali ina mipango yake, tuvumilie. Neno lako hilo, Baba. Nilipolisikia mdomoni mwake nikajua lilikuwa lao tangu zamani, wewe ulikuwa umeliazima tu.

Kwa hivyo nilipiga misumari bure. Ningekataa ningekipoteza kiwanja, nikakubali nikakipoteza kiwanja. Hilo ndilo linaloniwasha usiku na mchana. Hata kukataa kwangu walininyang'anya.

Nilichukua gunia nikaenda kuchukua vyombo vyangu. Kwenye lango la mabati kulikuwa na askari wa chama, shati jipya la chama, rungu mkononi, mgongo umenigeukia. Viatu vimepakwa rangi vinang'aa. Nilivijua viatu kabla sijamjua mtu.

Ni Wafula. Mwenyekiti alimwona siku ile akinibebea misumari, akauliza huyu kijana ni nani, akaambiwa ni msomi. Akamwita kando. Mshahara ni mdogo, lakini kila mwezi unakuja. Wafula hakunieleza hayo yote pale langoni. Pale langoni alisema tu, "Dada, usiniangalie hivyo. Ni hii ndiyo iliyokuwako."

Alinifungulia. Nilitia kwenye gunia randa, patasi na misumeno. Nilipogusa benchi, lile benchi lako, alinishika mkono. Alisema ameambiwa kizito kisitoke. Nikatoka, naye akafunga lango nyuma yangu polepole, asinigonge kisigino.

Mama hajui ni lango gani. Wafula alimwambia amepata kazi ya ulinzi, serikalini. Jumapili iliyopita Mama aliinuka kanisani kutoa ushuhuda. Alisimama na magoti yake yale, akamshukuru Mungu kwa kuwa baada ya miaka yote hii mwanawe amepata kazi, na ng'ombe wa marehemu hawakwenda bure. Mama Atieno alikuwa pale. Mwenye buchari alikuwa pale. Njuguna alikuja siku hiyo kutusindikiza, hata si wa kanisa letu. Wote wanajua lango. Waliinama kidogo, halafu mmoja akaanza kupiga makofi na wengine wakafuata, na Mama akawa analia kwa furaha. Mimi nilipiga makofi kuliko wote. Mikono iliniuma.

Sasa ninafanya kazi barazani kwa Njuguna, kwenye meza ya kuazima, natengeneza stuli na miiko. Mchana ninampelekea Wafula chakula langoni. Anakula amesimama, kisha ananipa sahani. Siwezi kumchukia, nimejaribu. Wewe nakuchukia kidogo, halafu inapita.

Siwezi kukuahidi kiwanja, kwa sababu sina. Wala siwezi kukuahidi kwamba mambo yatanyooka, hilo lilikuwa lako na ulikwenda nalo. Nakuahidi hili moja. Nimeanza kuchonga benchi jingine, la mbao za masanduku, na nalifanya refu, la watu wawili. Siku Wafula atakapolivua lile shati, au watakapomvua wenyewe wakimchoka, hatakwenda tena kusoma vibao vya Industrial Area. Atavua viatu vyake vya kung'aa, nami nitamfundisha kushika randa kuanzia mwanzo, na akikosea nitamkemea kwa sauti yako.

Basi pumzika, Baba. Simenti ya miguuni nitaileta mwenyewe.

Nekesa